Nani Kwenu Anasoma?

Nilitoka Tanga kwa garimoshi, nikashuka Moshi, nikapanda basi hadi Arusha, na hapo Arusha nikakwama karibu juma zima kwa sababu mvua ilikuwa imeharibu barabara ya kwenda juu. Mwishowe nikapata lori lililobeba chumvi na sabuni. Baada ya Makuyuni tope jeusi lilitushika, tukalala porini, asubuhi tukasukuma, na jioni tukafika Mto wa Mbu tukiwa hatutofautiani na tope lenyewe. Kesho yake tukaanza kuupanda ukuta wa Bonde la Ufa. Dereva aliamuru abiria wote washuke. Utingo alitembea nyuma ya tairi amekumbatia gogo, na kila lori liliposita alilitupa chini ya gurudumu ili gari lisirudi nyuma. Tukapanda hivyo, kwa miguu, tukilifuata gari ambalo tulikuwa tumelilipia nauli, na Ziwa Manyara likimeta chini yetu kama bati jipya.

Juu kabisa hewa ilibadilika. Baridi ilinipiga kifuani, udongo ukawa mwekundu, na mashamba ya ngano yakafuatana hadi kwenye ukungu wa misitu ya Ngorongoro. Nimehama mara nyingi tangu siku ile, na sikudumu mahali popote, lakini nikikosa usingizi ndiyo safari ninayoirudia.

Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na shati moja zuri. Ilikuwa miaka ile serikali ilipotaka kila mtoto aingie shule, walimu hawakutosha, na watu kama mimi, wasio na ualimu wowote, tulipewa chaki tukaambiwa tutajifunza kazi hukohuko kazini. Shule yangu ilikuwa upande wa Daa, karibu na Karatu. Nilipofika nilimkuta mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunika shuka la kijivu juu ya gauni, anachora mistari ubaoni akiinyoosha kwa ufito. Alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili. Kijiji kizima kilimwita Mama Mwalimu, nami nitamwita hivyo.

Hakuniuliza habari za safari.

“Nani kwenu anasoma?”

Nilidhani sikusikia vizuri. “Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Nani kwenu anasoma?”

Nikamwambia mama yangu hajui herufi hata moja, na baba anasoma Kurani.

“Anaelewa anachosoma, au amekariri?”

“Amekariri, nadhani.”

“Basi wewe hicho kichwa umekichukua kwa nani?”

Akanipa kipande cha chaki. “Haya, kijana wa Tanga. Darasa la tatu ni lile linalopiga kelele.”

Baadaye niligundua kwamba swali lile halikuwa langu peke yangu. Mwanzoni mwa kila mwaka, watoto walipoletwa kuandikishwa, alikaa kwenye kiti mbele ya darasa lake na kumuuliza kila mzazi. Nani kwenu anasoma? Baba? Babu alisoma na wamisionari? Shangazi je? Jibu lilimpangia mtoto mahali pa kukaa. Waliotoka kwenye nyumba za wasomaji walikaa mbele, ubao ukiwa puani. Waliobaki walikwenda nyuma, mwishoni kabisa karibu na mlango, ambako upepo wa Julai ulikuwa unapita.

“Kusoma kuko kwenye damu,” alisema bila kuona haya, hata mbele ya mwalimu mkuu. “Angalieni ng'ombe. Wa madoa anazaa wa madoa.”

Siku moja alimwambia hivyo mzee wa Kimaasai aliyeshuka kutoka upande wa Ngorongoro na mjukuu wake wa kike. Mzee yule alikuwa ameegemea fimbo yake, anamsikiliza kwa adabu. Kisha akacheka.

“Mama, wewe umefuga ng'ombe wangapi?”

“Wawili.”

“Ndiyo maana. Madoa anayatoa kwa mama yake, sikatai. Lakini mimi nilikuwa na ndama wa ng'ombe wangu bora kuliko wote, akakulia kwenye ukame. Leo ukimwona utasema ni mbwa. Sasa huyu wangu mpe majani kwanza, halafu ndiyo utukane ukoo.”

Watu walicheka. Mama Mwalimu naye alicheka, na meno yake yalikuwa mazuri sana alipocheka. Lakini mtoto aliwekwa nyuma, karibu na mlango.

Na haya nayaandika kwa uchungu kwa sababu alikuwa mtu mwema. Ilipofika katikati ya mwaka, kama mtoto wa nyuma bado alikuwa hawezi kutofautisha herufi, Mama Mwalimu alikwenda mwenyewe nyumbani kwao, akakaa, akanywa uji, na akamwambia mzazi kwa sauti ya chini: “Msimtese. Hana kichwa cha kitabu. Mpeni ng'ombe.” Sheria ilisema kila mtoto asome, lakini mwalimu mkuu alikuwa na watoto wengi kuliko nafasi, kwa hiyo alifumba macho. Wazazi walimshukuru. Wengine walimpa maharage. Mtoto alirudi kwenye ng'ombe, na nafasi yake kwenye mkeka ikajazwa na mwingine.

Mtu aliyeamini hivyo angetulia nyumbani kwake siku za mapumziko. Yeye hakutulia. Kila Jumamosi asubuhi alitoka na furushi la karatasi chini ya kwapa na sufuria ya gundi aliyoipika kwa unga wa ngano, akaenda nyumba hadi nyumba kubandika magazeti ukutani. Alisema mtoto anayefungua macho asubuhi akaona herufi hawezi kuziogopa shuleni. Nilipomuuliza kwa nini ahangaike na kuta wakati mambo yote yako kwenye damu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu.

“Wewe unapanda mahindi huweki mbolea?”

“Lakini Mama, unasema mbegu ndiyo…”

“Shika sufuria.”

Karatasi alizipata kwa madereva wa Landrova zilizokuwa zinapeleka watalii kreta ya Ngorongoro. Walimjua. Walipunguza mwendo na kumtupia chochote walichoacha wazungu: magazeti ya Kiingereza, ya Kijerumani, ramani, vipande vya katalogi za viatu. Yote aliyabandika. “Herufi ni herufi,” alisema. Mpaka wa Kenya ulipofungwa na magari ya watalii kupungua, alianza kuokota karatasi za kufungia sukari dukani. Kisha nchi ikaingia vitani, na vita ilipokwisha, bidhaa zikakosekana na watu wakawa wanapanga foleni ya unga, aliendelea kupika gundi. Hapo maneno yakaanza. Mwanamke mmoja alimfukuza mlangoni kabisa: “Mama Mwalimu, hata kama ni elimu, watoto wangu hawajala na wewe unaulisha ukuta!” Mbuzi nao walikuwa wanaipenda gundi ile. Ulikuwa ukiingia nyumba nyingi unakuta habari zimeliwa hadi kimo cha mbuzi, na juu yake zimebaki.

Nyumba iliyokuwa na karatasi nyingi kuliko zote ilikuwa yake. Nilikodi chumba uani kwake, kwa hiyo naijua. Hapakuwa na mahali ambapo udongo ulionekana. Hata dari ya jikoni, juu ya moshi, ilikuwa na picha ya malkia fulani aliyegeuka kahawia. Humo alikaa na mumewe na mtoto wao wa mwisho, Paskalina. Wakubwa walikuwa wameolewa au wameondoka.

Mumewe kijiji kilimwita Msomaji. Hilo lilikuwa jina lake kanisani na hata kilabuni. Kila Jumapili alisimama mbele na kusoma somo, na watu walitoka mbali kumsikiliza. Mimi si mtu wa kanisa, lakini niliwahi kusimama nje ya dirisha kwa ajili ya sauti ile. Alikuwa pia mmoja wa wazee walioitwa kutoa slufay, ile dua ndefu ya Wairaqw, wenyeji wa pale, ambayo mmoja anaisema na kundi zima linaitikia, na alikuwa akiimaliza bila kurudi nyuma hata mara moja. Mtu mpole, mikono mikubwa, hakupenda kubishana.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nafua shati uani. Mama Mwalimu alikuwa jikoni anapukuchua mahindi, Biblia imefunguliwa mapajani. Alisoma mstari, akanyamaza. Sauti ya mumewe ikaurudia. Akasoma unaofuata, mumewe akaurudia. Nilidhani wanasali. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile, na iliyofuata. Jumamosi moja Mama Mwalimu alikuwa anaumwa koo, na Jumapili ile Msomaji akasema macho yanamuuma, mwingine asome. Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikaa na jambo lile kimya. Halikunihusu, na kusema kweli sauti yake ilikuwa nzuri.

Sasa nieleze vitabu vyetu, maana bila hivyo habari ya Paskalina haieleweki. Kitabu cha kusoma kilikuwa kimoja kwa watoto kumi au zaidi. Kiliwekwa chini katikati ya mkeka na watoto wakakizunguka. Waliokaa upande wa chini wa kitabu waliona herufi zimesimama. Waliokaa upande wa pili waliziona kichwa chini, na wakajifunza kuzisoma hivyo hivyo. Tulikuwa na watoto wengi ambao ukiwapa kitabu walikigeuza kwanza, kisha wakasoma vizuri kabisa. Mkaguzi aliyetoka Arusha alishangaa, sisi hatukushangaa tena. Na walisoma kwa pamoja, kwa kelele, ukurasa uleule, siku baada ya siku, hadi wanawake waliopita na kuni waliujua.

Paskalina alikaa mbele katikati, mahali pa damu. Alikuwa na sauti ya baba yake. Yeye ndiye aliyeanzisha na wengine wakafuata. Mama Mwalimu hakumsifu hadharani, lakini wazazi walipouliza mtoto mwenye kichwa anakuwaje, aliita, “Paskalina, hebu njoo na kitabu,” naye mtoto akaja, akakishika kichwa chini kama wengi, akasoma ukurasa mzima huku kidole kikitembea.

Akaingia darasa la tatu, kwangu. Siku hiyo tulikuwa tumepokea kitabu kipya, nakala moja tu, bado kinanuka wino. Nikamwita Paskalina asome wa kwanza, kama heshima. Alikipokea. Alikitazama. Mgongo wake ulinyooka, akavuta pumzi, na akaanza kusoma kwa sauti kubwa na nzuri habari ya Juma na mbuzi wake, ya kitabu cha zamani, neno kwa neno, kidole kikipita juu ya picha ya treni.

Darasa lililipuka kwa kicheko. Walidhani anafanya mzaha. Mimi pia nilidhani hivyo, hadi nilipoona jasho kwenye mdomo wake wa juu.

“Paskalina, neno hili ni lipi?” Nilimwonyesha neno fupi kuliko yote pale.

“Juma,” alisema kwa sauti ndogo.

Lilikuwa “na”.

Jioni nilimkuta Mama Mwalimu anachambua maharage uani. Nilijieleza kwa kuzunguka. Aliendelea kuchambua.

“Watoto wengine waliona?”

“Walicheka tu, Mama. Walidhani utani.”

“Basi ni utani,” alisema. Kisha mikono yake ikasimama. “Nilikuwa naanza kuona. Nikasema, macho. Nikasema, uvivu. Anaujua ukuta wote huu, ukimwuliza pale pana nini anakwambia, kwa sababu nilimsomea. Lakini ukimpeleka kwenye ukuta wa jirani…” Aliyasukuma maharage kando. “Kwangu! Humu ndani! Kama karatasi zingekuwa zinafundisha, hata paka wangu angekuwa karani.”

Utani haukudumu. Watoto ndio waliopeleka habari nyumbani, wakicheka, na kicheko kikafika kwa Mama Leonsi. Huyu alikuwa jirani wa bondeni, mjane, na mwanawe Leonsi alikuwa mmoja wa wale walioambiwa wapewe ng'ombe. Nilikuwapo siku walipokutana kwenye mashine ya kusaga. Mashine ilikuwa imekwama, wanawake wamekaa juu ya magunia wanangoja, na Mama Mwalimu akaingia na debe lake.

“Karibu, Mama Mwalimu,” alisema Mama Leonsi. “Kaa hapa karibu yangu. Nataka kukuuliza. Nani kwenu anasoma?”

Wanawake wote wakageuka.

“Usinifanyie hivyo mbele za watu,” alisema Mama Mwalimu.

“Kwangu ulikuja ukanywa uji wangu. Ukasema damu. Nikakubali, maana baba yake Leonsi kweli hakusoma, na mimi sisomi, nikasema mwalimu anajua. Sasa wa kwako kakaa miaka miwili mbele, na kuta zote zile, na mama mwalimu ndani ya nyumba. Naye hajui. Mimi sikucheki. Nauliza tu. Leonsi wangu ulimpa miezi mingapi?”

Mwenye mashine aliwasha injini wakati huohuo, kwa bahati au kwa huruma, na kelele ikafunika kila kitu. Mama Mwalimu alisimama. Aliondoka bila kusaga, debe kichwani.

Kuanzia hapo aliamua Paskalina aondoke. Shangazi yake mtoto alikuwa Mang'ola, kwenye mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, na alikuwa amekwisha omba msichana wa kumsaidia. Malori ya vitunguu yalikuja Karatu kila mara. Nafasi ingepatikana Jumanne. Aliniambia mwenyewe, kwa ile sauti ya chini aliyoitumia kwenye nyumba za watu: “Ni kumtesa tu. Kule atakuwa na kazi ya mikono, hakuna atakayemcheka.” Nilimwona Paskalina amekaa juu ya kinu, amevaa viatu vyake vya shule ingawa ilikuwa Jumapili, na hakuniitikia nilipomsalimu. Alipenda shule kuliko watoto wote niliowahi kufundisha. Ni kitu cha ajabu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Msomaji alitoka kanisani jioni ile, akaweka kofia yake juu ya msumari, akasema mbele yangu na mbele ya mtoto:

“Hatakwenda Mang'ola.”

“Tumeshaongea hilo, baba.”

“Uliongea wewe. Sasa naongea mimi.” Alikaa chini. “Mwalimu wa Tanga, wewe umekaa hapa, una masikio. Unajua Jumamosi tunafanya nini jikoni.”

Niliangalia viatu vyangu.

“Ukiniwekea karatasi mbele,” alisema, “mimi naona wadudu. Tangu nikiwa mdogo. Mwalimu wa wamisionari alinichapa, akachoka, akamwambia baba yangu hana kichwa, mpe ng'ombe. Nikapewa. Nililia nikiwa nyuma ya ng'ombe karibu mwaka mzima, na hakuna aliyejua, kwa sababu ng'ombe hawasemi. Kama ni damu, mama, basi ni yangu. Mtoto hajaiba. Na wewe ulijua damu hii ilivyo, na bado ukaolewa nayo.”

Mama Mwalimu alikuwa amegeukia ukuta. Nilidhani analia. Alikuwa anasoma, au anajifanya anasoma, tangazo la dawa ya minyoo lililokuwa pale tangu nihamie.

“Ndiyo maana niliogopa,” alisema hatimaye, akiwa bado amegeuka. “Kila mtoto wa nyuma niliyemwona, nilikuona wewe. Nikasema heri aondoke mapema kabla hajajua anachokosa.”

“Mimi nilijua,” alisema mumewe.

Jumanne lori la vitunguu lilipita bila Paskalina.

Sitasema mambo yalinyooka. Jambo la kwanza Mama Mwalimu alilofanya lilikishangaza kijiji: aliyabandua magazeti yote ya nyumbani kwake. Alilowesha kuta, akakwangua kwa kisu siku nzima, akapaka udongo mweupe. Kisha akaandika neno moja kwa mkaa, kubwa, kimo cha mtoto. Moja tu. Paskalina alilipitisha kidole, akalifinyanga kwa udongo wa chungu, akalichora kwenye majivu, akalitamka kipande kwa kipande. Lilikaa pale hadi alipolijua hata likiandikwa mahali pengine. Ndipo likafutwa. Majuma mengine neno halikufutwa kabisa. Kuna siku mama alimpiga, na kuna siku mtoto alirusha udongo wote uani akakimbilia kwa Mama Leonsi. Nilisikia mengi kupitia ukuta wangu mwembamba.

Kuhusu Leonsi, Mama Mwalimu alikwenda bondeni kumwomba arudi. Mama yake alikubali. Leonsi ndiye aliyekataa. Alikuwa amekwisha kuwa mkubwa, ana ng'ombe wake mwenyewe, na hakutaka kukaa mkekani na watoto wadogo. Mama Mwalimu alirudi tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Kila mara Leonsi alimkaribisha vizuri, akampa maziwa, na akakataa. Nadhani maziwa yale yalimuuma kuliko maneno ya mashineni.

Swali lake hakuliacha. Mwaka uliofuata nilimsikia tena kwenye kiti chake: nani kwenu anasoma? Mzazi akisema hakuna, sasa alimvuta mtoto mbele, ubao puani. Wazazi waliosoma walilalamika kwamba watoto wao wamepelekwa kwenye upepo, naye akawajibu kwa ukali ambao haukuwa wa haki, kwa sababu watoto wale nao walikuwa wadogo na mlango ulikuwa mbovu bado.

Mimi miguu iliniwasha, kama kawaida yangu. Niliomba uhamisho, nikapelekwa Ololosokwan, mbali huko Loliondo, nikafundisha watoto wa wafugaji waliojua majina na rangi za ng'ombe mia lakini waliona karatasi kwa mara ya kwanza mkononi mwangu. Mara nyingi nilimkumbuka yule mzee na ndama wake. Mara nyingi pia nilijikuta nataka kumwambia mzazi ampe mtoto ng'ombe tu, na nikanyamaza. Baada ya miaka kadhaa hata pale nilipachoka. Niliacha kazi, nikarudi kupitia Karatu, nikiwa na nia ya kushuka Arusha na kutorudi tena.

Ilikuwa Jumapili. Nilipata lori la vitunguu lililokuwa linabadilisha tairi njia panda. Dereva akasema nikisikia honi nije mbio. Nikabeba sanduku langu, nikakimbia hadi kanisani, kwa kuwa nilijua nitawakuta huko, na nikasimama mlangoni.

Nilimtazamia Msomaji mbele. Nilimwona amekaa benchi la kwanza, mvi zimejaa, kofia mapajani. Aliyesimama mbele alikuwa Paskalina. Alikuwa amekuwa mrefu kama mama yake. Biblia ilikuwa wazi juu ya meza, na kidole chake kilikuwa juu ya mstari.

Alikuwa anasoma vibaya. Sijui namna nyingine ya kusema. Sauti ile nzuri ilikuwa inajikwaa kama mtu anayetembea kwenye mawe. Neno fupi lilimpita, refu likamsimamisha. Watu walikohoa. Mwanamke mmoja karibu na mlango alimwambia mwenzake, “Si angemwachia baba yake?” Watoto wakaanza kusukumana.

Mama Mwalimu alikuwa amekaa kando ya mlango. Aligeuka akaniona. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Baba yake alimwambia atamfundisha kwa masikio, asome vizuri kama yeye,” aliniambia kwa kunong'ona, bila salamu, kana kwamba niliondoka jana. “Angeyajua yote kwa siku moja. Amekataa. Anasema hapana, kama ni kusoma, nisome.”

“Na wewe ulimwambia nini?”

“Mimi?” Alinishika mkono kwa nguvu. “Mimi ninaogopa, kijana wa Tanga. Sikiliza.”

Mbele, Paskalina alikuwa amefika kwenye neno refu. Kidole kilisimama.

“Wa-li-o…”

Kanisa lilingoja. Honi ya lori ililia njia panda, mara moja.

“Wa-li-o-ta…”

Kutoka benchi la kwanza ilisikika sauti ya mzee, ya chini, nzito, isiyojikwaa: “Waliotawanyika.”

Paskalina hakuinua uso.

“Subiri, Baba,” alisema. “Sijafika.”

Honi ililia tena. Mama Mwalimu aliuachia mkono wangu, na nikatoka. Nilikimbia nikipita kwenye ngano iliyokuwa imevunwa, sanduku likinigonga goti, na kwa kuwa madirisha ya kanisa lile hayakuwa na vioo nilimsikia hadi karibu na barabara, amerudi mwanzo wa neno, anaanza upya.